PET ya PSMA, skani ya mifupa, CT au MRI: uchague ipi PSA inapoanza kupanda tena?

Mwanamume aliyeondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani miaka minne iliyopita, PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) sasa 0.4, na mwenzake aliyetibiwa kwa mionzi, PSA yake 28 na mgongo unamsumbua usiku, wana ugonjwa mmoja lakini hawahitaji picha moja. Wote wawili wanaweza kutoka kliniki ya Nairobi wakiwa na karatasi iliyoandikwa "skani ya PET" (picha ya mahali dawa yenye mionzi iliyodungwa imekusanyika mwilini) bila neno jingine. Kwa wa kwanza maneno hayo hayajakamilika. Kwa wa pili huenda ni pesa za kutupa, maana kipimo cha bei nafuu zaidi kingejibu swali lake.

Mambo mawili ndiyo huamua: PSA iko wapi na inapanda kwa kasi gani, halafu ni uamuzi gani wa tiba unaosubiri jibu la picha. Ubora wa mashine unafuata nyuma ya hayo.

Kwanza, imerudi kweli?

Baada ya upasuaji wa kuondoa tezi yote, PSA inapaswa kushuka hadi karibu isionekane maabara. Ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, ndipo huhesabiwa kwamba saratani imerudi. Baada ya mionzi hesabu ni nyingine, kwa sababu tezi bado imo mwilini na huendelea kutoa PSA kidogo. Chukua kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa, ongeza 2. Aliyeshuka hadi 0.6 huvuka mpaka akifika 2.6. Isitoshe, baadhi ya waliotibiwa kwa mionzi hupandisha PSA kwa muda katika miaka ya mwanzo, kisha ikashuka yenyewe bila dawa. Anayekimbilia picha wakati huo hununua hofu tu.

Pima katika maabara ileile. Mitambo ya kampuni tofauti inaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile, hivyo kuhama kutoka maabara ya Upper Hill hadi ya mtaani kunaweza kuonyesha kupanda ambako hakupo. Namba tatu kutoka mahali pamoja, zikiachana miezi mitatu hivi, zinatosha kukokotoa muda ambao PSA huchukua kuongezeka maradufu. Muda huo ukiwa chini ya mwaka mmoja, ugonjwa una mbio. Ukiwa miaka mitatu, na mzee ana miaka 82 na moyo dhaifu, anaweza kuachwa bila picha yoyote akaendelea kupimwa damu. Hilo nalo ni chaguo, ingawa ni nadra kutajwa hospitalini.

Skani ya mifupa na CT

Hii ndiyo jozi ya zamani, na ndiyo rahisi kupata (CT ni eksirei inayopiga mwili vipande vipande). Kwenye skani ya mifupa, teknetiamu iliyofungwa kwenye kemikali ya fosfati hudungwa mshipani, unasubiri saa 2 hadi 4 huku ukinywa maji na kukojoa mara kwa mara, kisha unalala chini ya kamera kwa nusu saa au zaidi. Dawa hiyo haishiki saratani. Hushika mahali ambapo mfupa unajijenga upya, iwe ni kwa sababu ya saratani, baridi yabisi ya kiuno, mbavu iliyovunjika kwenye ajali ya bodaboda, au jino bovu. Kwa mtu wa miaka 70 karibu kila ripoti itataja uti wa mgongo uliochakaa. Kama kituo kina kamera iliyounganishwa na CT, omba sehemu yenye shaka ipigwe kwa pamoja palepale. Inaongeza dakika chache na huondoa maswali mengi.

CT ya tumbo na nyonga huangalia tezi za limfu, lakini huzihukumu kwa ukubwa. Tezi ya milimita 5 iliyojaa saratani itaandikwa ya kawaida, na ya milimita 12 iliyovimba kwa maambukizi itaandikwa ya kushukiwa.

Udhaifu wa jozi hii uko kwenye PSA ndogo. Kwa waliofanyiwa upasuaji, skani ya mifupa huonyesha kitu kwa chini ya wagonjwa 5 katika 100 iwapo PSA haijafika 7, na CT huwa na jibu kwa takriban 11 hadi 14 katika 100 tu. Kwa hiyo mtu mwenye PSA 0.4 akiambiwa "skani ni safi" hajaambiwa lolote. Ugonjwa unaweza kuwepo, kipimo ndicho kisichofika.

PSA ikiwa 20, 50 au 200, au mifupa ikiuma, mambo hubadilika. Hapo skani ya mifupa huona vizuri, huonyesha mwili mzima, na hata miaka miwili baadaye unaweza kulinganisha picha mpya na ya zamani ukajua kama dawa inafanya kazi. Tahadhari moja: katika miezi mitatu hivi ya kwanza ya tiba mpya, madoa yanaweza kung'aa zaidi au mapya yakajitokeza kwa sababu mfupa unapona. PSA ikishuka huku skani "ikiharibika," usikubali dawa ibadilishwe kwa picha hiyo moja. Rudia baada ya wiki 8 hadi 12.

PET: uliza dawa, usiulize mashine

Mashine ya PET haijui saratani yoyote. Inaona tu mahali ambapo dawa iliyodungwa imekusanyika, na dawa ni nyingi. Inayotumika zaidi duniani ni FDG, yaani sukari yenye mionzi. Inafaa sana kwa saratani ya mapafu au limfoma. Kwa saratani ya kawaida ya tezi dume inafaa kidogo mno, kwa sababu seli hizo hazili sukari kwa pupa. Basi rufaa ikisema "PET" bila kutaja dawa, kuna hatari ya kulipa bei kamili na kupata picha safi isiyo na maana. FDG ina nafasi yake baadaye, ugonjwa unapobadilika tabia ukawa mkali huku PSA ikibaki chini, au inapotafutwa sehemu iliyopoteza PSMA.

PSMA ni protini inayojaa juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Dawa za kundi hili hushika protini hiyo, na ndizo zilizobadilisha kazi hii. Marekani iliidhinisha ya galiamu Desemba 2020, na ya florini iitwayo piflufolastat mwaka 2021. Katika utafiti wa wanaume 635 waliorudiwa na ugonjwa, uliochapishwa 2019, PET ya PSMA yenye galiamu ilipata kitu kwa asilimia 38 ya wenye PSA chini ya 0.5, asilimia 57 kati ya 0.5 na 1, asilimia 84 kati ya 1 na 2, asilimia 86 kati ya 2 na 5, na asilimia 97 kuanzia 5 kwenda juu. Ziangalie namba hizo mara mbili. Hata kipimo bora kuliko vyote huwakosa zaidi ya nusu ya wenye PSA chini ya 0.5.

Kabla ya PSMA kulikuwa na dawa nyingine za PET, kolini na fluciclovine, na baadhi ya ripoti kutoka nje bado zinazitaja. PSMA na fluciclovine zilipolinganishwa kwa wanaume 50 wenye PSA isiyozidi 2, kila mmoja akipigwa zote mbili, PSMA iliona kwa asilimia 56 na fluciclovine kwa 26. Hakuna sababu ya kuzitafuta pale PSMA inapopatikana.

Ndani ya PSMA yenyewe kuna tofauti ambayo mgonjwa anapaswa kuijua. Galiamu hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 68, na kwa kawaida hutoka kwenye jenereta ndogo hospitalini. Florini hupoteza nusu kila dakika 110, na hutengenezwa kwa saiklotroni, mtambo mkubwa wa kuzalisha dawa zenye mionzi. PSMA-11 ya galiamu hutoka kwa mkojo, hivyo kibofu hung'aa na kinaweza kuficha doa dogo pale tezi ilipokuwa. PSMA-1007 ya florini hutoka zaidi kupitia ini, kwa hiyo kibofu huwa kimya na eneo la upasuaji huonekana wazi. Ubaya wake ni mbavu. Mara nyingi huacha madoa hafifu kwenye mifupa ambayo si saratani, na msomaji asiye na uzoefu nayo anaweza kumpandisha mgonjwa daraja hadi "imesambaa" kwa doa moja la ubavu.

Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyoko Parklands na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko Kahawa West zote zina PET na saiklotroni. Unapopiga simu usiulize "mna PET?" Uliza: mnatengeneza PSMA siku gani, ni ya galiamu au florini, na ni 1007 au nyingine? Mara nyingi PSMA haitengenezwi kila asubuhi kama FDG. Wagonjwa hukusanywa siku moja ili kundi moja la dawa liwatoshe.

MRI

MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi, na mji huu una mashine nyingi. Nguvu yake iko kwenye eneo dogo: pale tezi ilipokuwa, au ndani ya tezi iliyopigwa mionzi. Kwa aliyetibiwa kwa mionzi ambaye bado anaweza kutibiwa tena kwa lengo la kupona, MRI ya nyonga yenye hatua zote, ikiwemo ya dawa ya rangi inayodungwa ili picha iwe wazi, huonyesha wapi pa kuchukua kinyama, yaani kipande cha kupimwa maabara. Na kinyama lazima kichukuliwe. Hakuna daktari wa upasuaji au wa mionzi anayepaswa kurudia tiba nzito kwenye tezi hiyo kwa picha peke yake.

Kuhusu tezi za limfu, MRI ya kawaida huhukumu kwa ukubwa kama CT. MRI ya mwili mzima huona uboho wa mifupa vizuri kuliko skani ya mifupa, ila inahitaji karibu saa nzima ndani ya bomba na msomaji aliyeizoea. Chuma cha nyonga iliyobadilishwa huharibu picha ya eneo hilohilo unalotaka kuliona, na betri ya moyo inaweza kuizuia kabisa. Sema mapema, kabla ya kulipa.

Kuna hali moja ambapo MRI inazipita zote bila mjadala. Mgonjwa anayejulikana kuwa na saratani hii akianza kulegea miguu, ganzi ikapanda hadi kitovuni, au akashindwa kukojoa au kuzuia haja, huenda uti wa mgongo unabanwa. Aende idara ya dharura siku hiyohiyo apigwe MRI ya mgongo wote. Kusubiri zamu ya PET kunaweza kumgharimu miguu yake.

Siku yenyewe, na kinachoharibika

Kwa PSMA huhitaji kufunga kula, tofauti na FDG inayotaka saa 6 bila chakula na sukari ya damu iliyodhibitiwa. Kunywa maji, kama nusu lita, katika saa mbili za kabla. Utadungwa sindano, utasubiri takriban saa moja (PSMA-1007 huongezewa muda, mara nyingi hadi dakika 90 au 120), utakojoa, kisha utalala kwenye mashine kwa dakika 20 hadi 30. Wengine hudungwa furosemidi ili mkojo utoke haraka. Kama tayari hujizuii mkojo baada ya upasuaji, beba nepi na suruali ya akiba, na uwaambie, maana mkojo kwenye nguo hung'aa kama ugonjwa.

Kuchelewa ndiko hasara kubwa. Dawa ya florini iliyopimwa kwa ajili yako ya saa tatu asubuhi itakuwa imebaki nusu karibu saa tano. Anayetoka Rongai au Kitengela kwenda Kahawa West ahesabu msongamano wa magari kwa ukali. Pia hutokea kundi zima la dawa likashindwa vipimo vya usafi asubuhi, na wote wakarudishwa nyumbani. Ukitoka Kisii au Mombasa usikate tiketi ya kurudi jioni hiyo.

Kosa ghali kuliko yote hutokea wiki kadhaa kabla: kuanza sindano au vidonge vya kuzima homoni, kisha ndipo kwenda kupigwa PSMA. Homoni ikizimwa kwa muda mrefu, madoa husinyaa na kufifia, na huwezi tena kujua ugonjwa ulianzia wapi. Kama hakuna dharura, picha kwanza, homoni baadaye. Kama tayari unatumia, tarehe ya sindano ya kwanza iandikwe kwenye rufaa.

Kwa CT yenye dawa ya rangi, pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, na anayetumia metformin, dawa ya kisukari, aseme. Baada ya PET kaa mbali na watoto wadogo na wajawazito siku hiyo, na vuta maji ya choo mara mbili. Kufikia kesho yake florini imekwisha.

Kuisoma ripoti bila kubabaika

PSMA haipatikani kwenye saratani ya tezi dume peke yake. Vifundo vya neva nyuma ya tumbo hung'aa kwa kawaida na huweza kudhaniwa kuwa tezi za limfu. Mbavu iliyovunjika, ugonjwa wa Paget wa mifupa na uvimbe wa mishipa kwenye pingili hung'aa pia. Kwetu kuna jingine lisilosisitizwa vya kutosha katika vitabu vya Ulaya: kifua kikuu. Tezi za kifuani zilizoguswa na TB zinaweza kushika dawa hii. Historia ya TB, hata ya miaka 20 iliyopita, iwe kwenye rufaa.

Upande wa pili, saratani chache hazitoi PSMA kabisa, na uvimbe chini ya milimita 4 au 5 huweza kupita bila kuonekana.

Ripoti nzuri hutoa alama ya uhakika. Kwenye mfumo wa PSMA-RADS, 1 ni salama, 5 ni saratani karibu kwa hakika, na 3 ni "hatujui." Alama ya 3 si kusambaa. Ikiwa uamuzi mzima unategemea doa moja la alama ya 3, lipigwe MRI ya eneo hilo au lichukuliwe kinyama.

Basi, uchague nini?

Umefanyiwa upasuaji, PSA kati ya 0.2 na 1, na unafaa kupigwa mionzi ya kuokoa, yaani ya kutibu saratani iliyorudi baada ya upasuaji: PSMA ndiyo ya kwanza ukiimudu. Ikionyesha ugonjwa nje ya nyonga, mpango hubadilika. Ikionyesha tezi ya limfu ndani ya nyonga, eneo la mionzi hupanuliwa. Isipoonyesha kitu, endelea na mionzi ya pale tezi ilipokuwa. Usingoje PSA ipande ili picha ione kitu, kwa sababu mionzi hii hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa chini ya 0.5. Na kama huimudu PET, mionzi isicheleweshwe kwa sababu hiyo. Skani ya mifupa katika kiwango hiki haiwezi kuwa mbadala wake.

Umetibiwa kwa mionzi na umevuka mpaka wa kiwango cha chini jumlisha 2: MRI ya nyonga pamoja na PSMA, kisha kinyama, lakini ikiwa tu uko tayari na una afya ya kutosha kwa tiba ya pili ya tezi. Kama jibu lolote litaishia kwenye dawa za kuzima homoni, hifadhi pesa.

PSA iko juu ya 20 au mifupa inauma: skani ya mifupa na CT. Zikionyesha ugonjwa mahali pengi, PSMA haitaongeza uamuzi, isipokuwa unapofikiriwa kwa lutetiamu, tiba ya mionzi inayoifuata PSMA hadi kwenye saratani, ambayo haitolewi bila kuthibitisha kwanza kwamba madoa yanashika PSMA. Zikiwa safi huku PSA ikipanda, ndipo PET inapostahili bei yake.

Bei nayo ni sehemu ya uamuzi. PET ni ghali kuliko skani ya mifupa kwa kiasi kikubwa, na fungu la saratani la SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, lina kikomo cha mwaka. Omba idhini kabla ya siku ya kipimo, na uulize kama malipo ya PET yatakatwa kwenye kikomo hichohicho kitakacholipia mionzi. Kuna familia ambazo kwao hesabu hiyo itageuza mpangilio: mionzi ilipiwe kwanza, PET ikose.

Rufaa iandikwe hivi: aina ya tiba ya kwanza na tarehe yake, alama ya Gleason (ukali wa saratani kwenye kinyama), PSA tatu za mwisho na tarehe zake, homoni imeanza lini au haijaanza, TB, kuvunjika mifupa, chuma mwilini, jina kamili la kipimo, mfano "PET/CT ya PSMA," kamwe si "PET" peke yake, na swali, mfano "mionzi ya kuokoa inapangwa, je kuna ugonjwa nje ya nyonga?" Beba CD za picha za zamani pamoja na ripoti zake, maana bila picha zenyewe msomaji hana cha kulinganisha.